Haki ya Fundi

Utungaji una heshima yake, na heshima ya kwanza ya mtungaji ni kutajwa kwa jina lake. Washairi wa Kiswahili walilijua jambo hili tangu zamani. Katika tenzi nyingi beti za mwisho humtaja mtunzi, na pengine nasaba yake, mji wake na mwaka wa kazi yake, ili msomaji asimkose wa kumshukuru wala wa kumlaumu. Lakini kazi ya mikono haina beti za mwisho. Mwenye kuunda chombo kizuri hukikabidhi kwa mwenye fedha, na tangu siku ile chombo huitwa kwa jina la mnunuzi, au la mpandaji, au la kiwanda. Desturi hii ni dhuluma, na wanachuoni ni miongoni mwa watu wanaoidumisha.

Mfano wake ulio wazi umo Marekani. Mwaka 1969 ilitoka filamu iitwayo Easy Rider, ambayo ndani yake Peter Fonda na Dennis Hopper wanasafiri kwa pikipiki katika nchi yao wakiutafuta uhuru. Pikipiki ya Fonda ilipewa jina la Captain America, na tangi lake lilipakwa rangi za bendera ya Marekani, nyota kwa milia. Watu waliosahau maneno ya filamu ile hawakuisahau pikipiki ile. Ilitundikwa ukutani kwa picha, ikaigwa katika karakana za nchi nyingi, ikawa alama ya uhuru wenyewe.

Pikipiki hiyo haikutoka kiwandani ikiwa vile. Zilinunuliwa mnadani, kwa dola 500, Harley-Davidson kuukuu za miaka ya 1949, 1950 na 1952, ambazo zamani zilikuwa za polisi. Kwa pikipiki nne za namna hiyo zikaundwa zile zilizoonekana katika filamu. Kazi ya kuzibuni na kuziunda ilikuwa ya Clifford Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani Weusi wawili waliokuwa Los Angeles. Vaughs alikuwa mpiga picha, tena mmoja wa vijana wa chama cha SNCC waliopigania haki za raia. Hardy alikuwa fundi aliyeheshimiwa na wapanda pikipiki Weusi wa mji ule. Katika orodha ya majina ya watu walioifanya filamu, majina yao hayakuwamo. Filamu iliusifu uhuru, na watu wawili ambao jamaa zao walikuwa wakidai uhuru huo barabarani na mahakamani waliachwa nje ya mlango wake.

Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni dogo, kwa sababu fundi hakuvumbua kitu: injini ilikuwa ya kiwanda, magurudumu yalikuwa ya kiwanda, naye aliunganisha tu. Asemaye hivyo hajaitazama kazi. Fundi wa chopa, yaani pikipiki iliyokatwa, huanza kwa kuvua. Huondoa madigadi mazito, mikoba, kioo cha upepo na kila kitu kilichowekwa kwa haja ya askari. Kisha huikata shingo ya fremu, pale foki za mbele zinaposhikwa, akaichomelea upya kwa mlalo mkubwa zaidi, na foki akazirefusha. Gurudumu la mbele huenda mbali na injini, na chombo hupata umbo la kujinyoosha kama mnyama anayenyemelea. Lakini kila badiliko lina deni lake. Mlalo ukizidi, usukani huwa mzito katika mwendo wa polepole. Foki zikirefushwa na shingo isibadilishwe, fremu huinuka mbele. Shingo ikichomelewa kombo hata kidogo, magurudumu hayafuatani, na chombo huvuta upande mmoja. Mchomeleo ukiwa dhaifu, mpandaji hulipa kwa maisha yake. Mtu anayepima madeni haya yote, akachagua lipi alilipe na lipi alikatae, ni mtungaji. Mshairi naye hakuyavumbua maneno wala mizani. Aliyakuta, akayapanga, na hakuna anayemnyima jina lake kwa sababu hiyo.

Wengine watasema kuwa rai ilitoka kwa Fonda, nao mafundi walitii. Ni kweli kwamba mwigizaji alikuwa na fikira zake juu ya chombo alichokitaka. Lakini tenzi ngapi zilitungwa kwa ombi la mtu mwingine? Aliyeomba hushukuriwa katika utangulizi, wala haandikwi kuwa mtunzi. Rai haina uzito mpaka ikutane na chuma.

Wa tatu watasema kuwa chopa ni chombo kibaya, kigumu katika kona, kisichoupa mgongo raha. Na wakosoe wapendavyo. Kazi inayostahili kukosolewa ina mwenyewe, na lawama nayo yahitaji jina la kuandikiwa.

Mwaka 2014 pikipiki iliyosemwa kuwa ni mojawapo ya zile ilinadiwa California, bei ikafika dola 1,350,000. Palizuka ubishi mkubwa kama ilikuwa ya asili au sivyo, kwa kuwa inasemwa kwamba moja iliharibiwa katika filamu na tatu ziliibwa. Watu wakachunguza vyuma na stakabadhi. Hardy alikuwa amefariki mwaka 1994, kabla jina lake halijaenea mbali nje ya watu wa kazi yake. Vaughs aliishi mpaka mwaka 2016, akaona jina lake likianza kurudi mahali pake. Ulimwengu uliojua kuuliza kama chuma ni cha kweli ulichelewa mno kuuliza mkono uliokiunda ulikuwa wa nani.

Mwanachuoni anayeandika kurasa thelathini juu ya maana ya safari katika filamu ile, asimtaje aliyekiunda chombo cha safari, ameandika juu ya utenzi baada ya kuzichana beti zake za mwisho. Wala kosa hili si la Marekani peke yake. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu husifiwa katika vitabu, na wengi wa walioichonga hawana jina katika vitabu hivyo. Waliokufa bila ya kuandikwa hawawezi kurudishwa wote, lakini waliopo waweza kuulizwa leo. Mwanafunzi anayekwenda kutazama chombo na aanze kwa kuuliza nani alikiunda, aliandike jina hilo kwanza, ndipo aandike sifa. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi hakuomba sifa kubwa kuliko ya mshairi. Haki yake ni jina lake.