Mkataba wa Serikali na Daftari la Familia: Biashara Yetu na Maskati



Juni 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Oman, na Oktoba mwaka huo huo Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi, naye akaenda Maskati. Biashara na uwekezaji vilikuwamo katika mazungumzo. Kwetu visiwani hilo si geni. Wazee wetu waliyapokea majahazi yaliyokuja na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakirudi na kusi yamebeba boriti na karafuu.

Tunashukuru viongozi wanapofungua milango. Lakini biashara inayozigusa familia zetu nyingi hufanyika kwa simu, baina ya ami aliyeko Maskati na mtoto wa nduguye aliyeko Wete au Darajani. Huko ndiko ninakoona hatari.

Karibuni nililetewa mgogoro. Ami alimpa kijana mtaji wa duka la tende, udi na kanzu. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba kila mwezi kijana atampelekea kiasi maalumu, duka liuze lisiuze. Mambo hayakwenda, duka likafungwa. Ami anadai mtaji wote na malipo ya miezi iliyobaki. Kijana anasema ule ulikuwa msaada wa kifamilia. Hakuna karatasi wala shahidi. Leo baba wa kijana hapokei simu ya ndugu yake wa tumbo moja.

Ndugu zangu, sharia imelieleza jambo hili. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwengine hufanya kazi. Faida hugawanywa kwa fungu linalojulikana, kama nusu kwa nusu au theluthi. Hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali, na mfanyaji kazi hupoteza jasho lake, isipokuwa ikithibiti kuwa alizembea au alivunja masharti. Ama kudhaminiwa mtaji pamoja na ziada ya kila mwezi isiyotegemea faida, huo ni mkopo wenye riba, hata tukiuita ushirika.

Kwa hiyo ami hana haki ya ile ziada. Na kijana naye hatoki hivi hivi: mali ile ni amana, na ni wajibu wake kutoa hesabu ya kila alichonunua na alichouza.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tunaona kumwandikisha ndugu ni kumtilia shaka, kumbe maandishi ndiyo yanayoulinda udugu siku biashara inapoharibika.

Basi kabla pesa hazijatumwa, andikeni: ni mkopo, zawadi au mudharaba? Fungu la kila mmoja ni lipi? Mtaji unahesabiwa kwa riali au kwa shilingi, maana thamani zao hubadilika? Wekeni mashahidi wawili, na daftari la duka lisichanganywe na matumizi ya nyumba.

Serikali zikikubaliana, wapo wanasheria wa kuandika. Familia zetu huja kwa sheikh baada ya ugomvi. Njooni kabla.

Wallahu a'lam.