Kitambi, Kisukari na Ukimya wa Chumbani

Katika kliniki nyingi za kisukari, mgonjwa hupimwa uzito, sukari na shinikizo la damu, huulizwa kuhusu macho na miguu, kisha hupewa dawa na tarehe ya kurudi. Swali moja huachwa: hali ya tendo la ndoa. Kuliacha swali hilo si staha. Ni upungufu wa huduma.

Kusimama kwa uume hutegemea damu inayopita katika mishipa yenye kipenyo cha milimita 1 hadi 2 tu, ilhali mishipa inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Unene uliokithiri, sukari, lehemu na shinikizo la juu la damu hudhuru utando wa ndani wa mishipa yote, lakini mara nyingi ile myembamba hutangulia kuonyesha dalili. Kwa hiyo upungufu wa nguvu za kiume waweza kuwa onyo la maradhi ya moyo, miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Tena, mafuta ya mwilini hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu.

Maradhi haya hayamsahau mwanamke, ingawa wanaoyatibu humsahau. Uzito uliozidi huweza kuvuruga hedhi na upevukaji wa mayai. Kisukari huweza kuleta ukavu ukeni, maumivu wakati wa kujamiiana na fangasi za mara kwa mara. Wengi huyavumilia hayo kama aibu ya nyumba, kumbe ni dalili za ugonjwa.

Jamii nayo hukisifu kitambi kuwa ishara ya neema. Mwenye kitambi akipungukiwa nguvu, hukimbilia vidonge vya mitaani. Hatari ni kubwa: dawa hizo zikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla hata kuua. Na hata zikifaa kwa usiku mmoja, chanzo hubaki palepale.

Chanzo chaweza kutibiwa. Utafiti uliofanywa nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia kwa miaka 2 wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Kati ya 55 waliosaidiwa kwa karibu kupunguza uzito na kufanya mazoezi, takriban theluthi moja walirejewa na nguvu; kati ya 55 waliopewa maelezo ya jumla tu, ni 3.

Huenda mhudumu akasema foleni ni ndefu. Swali moja la heshima, mlango ukiwa umefungwa, halizidi dakika moja. Mgonjwa naye aseme bila kungoja kuulizwa, na asiache dawa za shinikizo kwa kuzishuku, bali aombe zibadilishwe. Mficha uchi hazai. Na katika jambo hili, huenda akaupoteza na moyo wake.