Kabla ya Kuing'oa Pampu ya Greda



Katika mkutano wa halmashauri uliopita lilitolewa shauri kwamba pampu kubwa ya greda letu ifunguliwe, ipelekwe Dar es Salaam kwa meli, ikatengenezwe huko kwa fedha za mfuko wa chama. Mimi nililiandika shauri hilo kama lilivyosemwa, maana ndiyo kazi ya katibu. Leo naomba ruhusa niseme langu mwenyewe: shauri hilo limekuja mapema mno.

Hapana mwanachama asiyejua hali ya njia zetu za mashambani. Mvua ikinyesha siku mbili gari haliingii, na karafuu mbichi hubebwa kichwani mpaka barabarani, nyingine zikichemka ndani ya magunia kabla ya kufika majamvini. Greda lile kuukuu tulilinunua kwa ajili ya hayo. Sasa msimu wa pili limelala chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ugonjwa wake ni huu: asubuhi huwaka vizuri, hufanya kazi kama robo saa, kisha hupungua nguvu na kuzimika. Likipumzishwa kidogo huwaka tena. Fundi amesema pampu imekufa. Sina neno na fundi, ni mtu mwema. Ila naona pampu imekuwa kama shetani kwa mganga, kila ugonjwa husingiziwa yeye.

Mwezi uliopita nilikwenda Iguguno, Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, kwa arusi ya jamaa za mke wangu. Shemeji yangu huko analima alizeti, na ana trekta la dizeli lenye umri mkubwa kuliko wangu. Nilipolisikia likizimika nusu ya shamba nilidhani nimerudi nyumbani, maana ugonjwa ni ule ule. Mafundi wawili walikwisha kumwambia auze ng'ombe apate fedha za pampu. Siku ya pili akaja mzee mmoja, fundi wa pale pale mjini, hakuuliza habari ya pampu hata kidogo. Aliomba dumu safi la lita 20, mpira mrefu wa mafuta na chujio jipya.

Dumu lile akalitia dizeli safi, akalifunga juu kuliko injini, akapitisha mafuta chujioni na kuyaingiza moja kwa moja katika pampu kubwa. Mpira wa mafuta yanayorudi nao akaurudisha dumuni. Tangi la trekta likawa halina kazi tena. Akatoa upepo katika mabomba, akawasha. Trekta lilivuta jembe tangu baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, wala halikukohoa. "Pampu ni nzima," akasema, akaenda kunawa mikono.

Kisha wakamwaga tangi. Ndani mlikuwa na kipande cha nailoni. Zamani mfuniko ulipotea, kijana mmoja akaziba kwa gunzi la mhindi lililofungwa nailoni, na nailoni ikatumbukia. Injini ikivuta, nailoni hufuata mafuta na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizimika, nailoni huelea ikatoka. Kwa hiyo trekta lilionekana kama lililochoka, likipumzika hupona. Ng'ombe wa shemeji wako malishoni hata sasa.

Sisemi kwamba tangi letu lina nailoni. Huenda kitundu cha kupumulia katika mfuniko kimeziba, na hapo mafuta yakipungua tangi hubaki na utupu usioruhusu mafuta kushuka. Hilo hujulikana upesi: injini ikianza kuzimika, legeza mfuniko, ukisikia upepo ukiingia kwa mluzi na injini ikafufuka, umekwisha kuuona ugonjwa. Au huenda mpira umepasuka kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta. Jambo hili huwadanganya wengi, maana upande wa kuvuta hauvuji mafuta nje, bali hunyonya upepo ndani. Mtu hutazama chini, haoni hata tone, akasema mabomba ni mazima.

Na yako maji. Hapa ninalaumu chama chetu, nami nimo. Pipa letu la dizeli limekaa nusu tupu miezi mingi katika hewa hii ya bahari. Usiku hewa iliyomo hupoa na kutoa maji. Maji hukaa chini ya dizeli, na hapo yanapokutana huota uchafu mweusi kama utando, ambao ndio huziba machujio. Pipa lingejazwa, au lisingewekwa mafuta mengi kuliko tunayotumia. Kikombe cha chini ya chujio nacho kingefunguliwa kila asubuhi maji yamwagike. Nimemwuliza mtunza ghala ni lini kikombe hicho kilifunguliwa mara ya mwisho. Alicheka.

Baadhi ya wajumbe wamesema, basi na tuifungue pampu hapa hapa tuitazame. Hilo nalikataa kwa nguvu zaidi. Vyuma vya ndani vimepishana kwa nafasi ndogo kuliko unywele mara nyingi, na chembe moja ya mchanga yatosha kuvikwaruza. Tena pasiwe na mtu wa kupapasa bomba la nozeli kwa kidole wakati injini inawaka. Mafuta yale hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na aliyepigwa nayo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Katika safari ile basi lilipita njia panda ya Kongwa, nikakumbuka mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Matrekta mengi ya mwanzo yalikuwa masazo ya vita, yakaharibika upesi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Wale walikuwa na hazina ya Uingereza nyuma yao. Sisi tuna michango ya watu wanaouza karafuu kwa kilo.

Kwa hiyo naomba kura ya pampu ingoje greda lijaribiwe kwa dumu. Likizimika hata hivyo, pampu iende Dar es Salaam, nami nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Lisipozimika, basi kosa liko katika tangi, mabomba, machujio au pampu ndogo, na vyote hivyo havihitaji kupanda meli. Dumu ninalo, na chujio nimekwisha kununua. Mwenye mpira safi wa mafuta usiopungua mita 2 na auletee ofisi kabla ya Jumamosi, na mwenye kuku wale aje awachukue.