Haibridi Isiyochajiwa Ni Petroli Tu

Mnunuzi akisitasita mbele ya gari la umeme katika yadi za Barabara ya Ngong, Nairobi, muuzaji ana jibu tayari: chukua haibridi ya kuchaji, ina betri na ina tangi, hutakwama. Maneno matamu, na yana ukweli. Ila yana masharti ambayo muuzaji hana haraka ya kuyataja.

Chukua magari mawili ya Kijapani. Mitsubishi Outlander PHEV ya 2019, haibridi ya kuchaji, hubeba uniti 13.8 za umeme na ina injini ya petroli ya lita 2.4. Kwa betri pekee huenda kama kilomita 45, yaani Rongai hadi mjini na kurudi, foleni ikiwemo. Nissan Leaf ya uniti 40, gari la umeme tupu, ilikadiriwa na serikali ya Marekani kuwa huenda kilomita 243. Haina oili ya injini ya kubadilisha, wala plagi za cheche.

Njia ya Nairobi hadi Mombasa huipa Outlander ushindi. Ni kilomita 480 hivi. Mwenye Outlander akifika Mtito Andei, njiani, hujaza mafuta, akala, akaondoka. Mwenye Leaf sharti apange mapema atachaji wapi, tena kwa chaja ya haraka ya aina ya CHAdeMO, ambayo si kila kituo kinayo.

Lakini ni wangapi huenda Mombasa kila wiki?

Siku nyingine zote, kila kitu kinategemea kama gari linachomekwa. Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa ndani ya magari yenyewe: haibridi za kuchaji zilizosajiliwa 2021 zilitoa kaboni mara 3.5 ya kiwango cha maabara, sababu kubwa ikiwa wenyewe hawazichaji inavyotarajiwa. Uingereza, mwaka 2018, kampuni ya Miles Consultancy ilieleza kuhusu magari ya kazini ambayo kebo zake zilikuwa bado ndani ya plastiki kwenye buti, huku madereva wakipanga foleni ya petroli. Walipenda nafuu ya kodi tu.

Kenya ina sababu nzuri ya kuchomeka. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku. Kwa bei hiyo ya usiku, kabla ya kodi na tozo, uniti 40 zilikuwa shilingi 320, pesa ambazo hazikutosha kununua lita mbili za petroli.

Leaf nayo ina kasoro yake: betri haipozwi kwa maji, na joto huichosha. Mnunuzi ahesabu vijimstari 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi kabla ya kutoa arubuni.

Mwenye soketi nyumbani na shughuli za mjini achukue Leaf. Mwenye soketi na safari za mara kwa mara za mbali, Outlander inamfaa. Mpangaji wa ghorofa ya tano Kileleshwa asiye na pa kuchomeka aziache zote mbili, anunue haibridi ya kawaida inayojichaji yenyewe; Outlander kwake itakuwa gari la petroli lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,800.