Tarabu Baharini: Tulilipia Nini?

Tangu turudi Unguja katika ile safari ya tarabu haipiti siku ila husimamishwa njiani tukaulizwa, "Eti, ilikuwaje?" Aliyeuliza sokoni tumemjibu kwa maneno mawili, na aliyeuliza barazani tumemjibu kwa manne. Lakini swali lenyewe lastahiki jibu refu kuliko hivyo, kwani tuliyoyaona humo melini yamo ya furaha na yamo ya kututia haya. Twayaandika yote mawili, ili waliokwenda watusahihishe tukikosea, na wasiokwenda wapime wenyewe.

Kwanza tueleze asili ya safari. Mmoja wetu ana mpwawe anayekaa Florida, huko Marekani. Kijana huyo alipokuja likizo alitusimulia kwamba katika bandari za huko huondoka meli kubwa zilizokodiwa makusudi kwa nyimbo za zamani. Abiria wake wengi ni watu wazima waliokuwa vijana katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, na waimbaji waliowapenda siku zile, walio hai na wenye nguvu, huwa pamoja nao melini. Mtu huamka asubuhi akamkuta mwimbaji wake anakunywa kahawa meza ya pili. Wala jambo hili si jipya huko. Katika miaka ya 1980 meli Norway, ambayo kabla yake iliitwa France, ilikuwa ikichukua wapigaji mashuhuri wa jazi wakacheza baharini siku kadhaa mfululizo.

Tuliposikia hayo tukasema: na sisi je? Kama kuna muziki wenye haki ya kuchezwa juu ya maji, basi ni tarabu yetu, maana yenyewe ni mtoto wa bahari. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli kwenda Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri, na santuri hizo zikarudi kwa bahari zikaenea pwani yote. Hapana tarabu bila ya safari.

Basi watu wakajiandikisha. Sisi hatuna uwezo wa kukodi meli kama za Florida. Tulichukua nafasi za sitaha ya juu katika meli itokayo Mkoani kwenda Unguja, tukaagana na kikundi kimoja cha wapigaji waje Pemba siku moja kabla ili waondoke pamoja nasi. Usiku tungesikiliza tarabu ukumbini Unguja, na kesho yake tungerudi. Walikuwamo wazee wa makamo yetu, walikuwamo mabibi waliovaa kanga mpya, na walikuwamo wajukuu wachache waliopelekwa kwa kuwa nyumbani hapana wa kuwaangalia.

Meli ilipong'oa nanga wapigaji walifungua kwa bashraf, na kwa kweli tuliona raha. Upepo ulikuwa mdogo na maji yametulia. Ilipoanza nyimbo ya pili watu wakaanza kuimba pamoja na mwimbaji, na ilipofika ya tatu hatukujua tena nani mwimbaji na nani msikilizaji. Bwana mmoja ambaye kwao hujulikana kwa ukali, hata watoto humkimbia, alisimama akaenda kutunza, akarudi kitini, akasimama tena. Bibi mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio akatwambia kwamba nyimbo ile ndiyo iliyokuwa ikiimbwa usiku wa harusi yake, na mumewe amekwisha tangulia mbele ya haki. Hatukumpa neno la kumliwaza, wala hakulitaka. Alitaka aiskilize nyimbo mpaka mwisho.

Tulipokaribia Nungwi mkubwa wa wapigaji aliinua mkono, ala zikanyamaza. Hapana aliyeuliza sababu. Katika bahari ya huko, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama ikija Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Miongoni mwetu walikuwamo waliofiwa. Tulisoma Fatiha tukakaa kimya muda mrefu. Asubuhi yake tulikuwa tumemnung'unikia aliyetuandalia safari, kwa sababu alihesabu watu wake mmoja mmoja, akahesabu na maboya ya kujiokolea, akakataa katakata kuongeza hata mtu mmoja aliyekuja bandarini bila ya kujiandikisha. Pale Nungwi kila mmoja alimshukuru moyoni mwake.

Sasa twaja kwenye lile la kututia haya.

Tuliahidiwa kwamba ala zitakuwa kamili: udi, fidla, nai, akodiani, dumbaki, rika, na ganuni. Na kweli sauti ya ganuni tuliisikia tangu bashraf ya kwanza. Lakini mzee wetu mmoja aliyekaa mbele kabisa, naye sikio lake bado ni zima, alitazama kulia akatazama kushoto, kisha akauliza kwa sauti kubwa baina ya nyimbo mbili: "Ganuni naisikia. Mpigaji wake yuko wapi?"

Kijana aliyekuwa kwenye kinanda cha umeme aliinamisha kichwa. Ganuni ile ilikuwa ni kitufe. Akikibonyeza, kinanda hutoa sauti ya ganuni. Akibonyeza kingine, hutoa sauti ya nai. Watu walicheka, lakini wengine walikasirika, wakasema tumeibiwa. Mtoto mmoja wa kike, mjukuu wa mwenzetu, alimwuliza babu yake: "Babu, ganuni ni nini?" Na yule babu, aliyeipenda tarabu kwa miaka hamsini, alimwonyesha kitufe.

Usiku ule ukumbini tulimwendea mkubwa wa wapigaji na malalamiko yetu, nasi tumejitayarisha kwa maneno makali. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatujibu kwamba mzee aliyekuwa akipiga ganuni katika kikundi chao ni mgonjwa, mikono yamtetemeka, hawezi tena. Tukamwuliza, "Na vijana je? Hapana aliyejifunza?" Akasema, "Wapo. Tena wazuri. Usiku huu wako mahotelini, wanawachezea wageni." Tukamwuliza kwa nini hakuwaita. Akasema, "Niliwaita. Wakaniuliza: hao Wapemba mwaka jana walituita mara ngapi?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatunalo.

Wasomaji wetu, ni mara ngapi tumekaa barazani tukasema kwamba vijana wa leo wameitupa tarabu ya asili? Tumelisema hilo hata limekuwa kama salamu. Na kumbe si kweli, au si kweli yote. Tangu mwaka 2002 kiko Unguja Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na humo vijana wanaume kwa wanawake wamefundishwa udi, fidla na ganuni. Wamekaa chini wakajifunza ala yenye nyuzi zaidi ya 70, ambayo kuitengeneza sauti tu kabla ya kuicheza ni kazi ya subira. Vijana hao hawakuitupa tarabu. Sisi ndio tuliowatupa wao. Mtoto wetu akioa twakodi maspika makubwa na kijana mwenye nyimbo zake ndani ya flashi, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa kelele yake hufika mtaa wa pili. Halafu mara moja katika miaka mingi twapanda meli, twalia, twatunza, twarudi nyumbani, na twajiona sisi ndio wenye kuipenda tarabu.

Basi tulilipia nini katika safari ile? Tumejiuliza kwa unyofu. Twaona kwamba wengi wetu tulilipia ujana wetu. Tulitaka tuirudie saa moja ya siku zile tulipokuwa na meno yote na mabibi zetu wakitutazama kwa jicho jingine. Si dhambi kutaka hivyo. Lakini tusiuite huo ulinzi wa tarabu. Mwenye kuupenda ujana wake hatosheki ila na nyimbo zile zile kwa sauti ile ile, na kitufe chaweza kumtosheleza. Mwenye kuipenda tarabu hujishughulisha na mpigaji: anakula nini, anamfundisha nani, na atakapougua nani atashika mahali pake.

Tukumbuke nao hao wa kale tunaowalilia. Siti binti Saad hakuwa mtu wa kuhifadhi mambo ya kale. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, na alipoingia katika uimbaji aliichukua tarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili. Alitia humo habari za mitaani za siku zake, hata za kesi na hukumu. Alikuwa mpya, na watu wa zama zake walimlipa kwa upya wake. Klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, na ile ya Culture iliyoanzishwa mwaka 1958, hazikufika hapa zilipo kwa machozi ya wasikilizaji. Zilifika kwa sababu walikuwapo watu wa kutoa michango, kuja mazoezini, na kuwakalisha wadogo karibu na wakubwa mpaka wakajua.

Wako watakaotujibu kwamba fedha ni chache, na kwamba kikundi kizima cha tarabu hakiwi bei ya maspika mawili. Ni kweli. Lakini tulipopiga hesabu ya tuliyoyatumia katika safari ile, nauli, malazi, chakula na tunzo, tuliona kwamba fedha ilikuwapo. Ilikosekana nia tu. Wako pia wasiopenda ala kabisa kwa imani yao. Hao hatuna ugomvi nao, na maneno haya hayawahusu. Yanatuhusu sisi tuliokwenda tukapiga makofi.

Rai yetu ni hii. Kwanza, mwenye harusi na mwenye uwezo aite wapigaji walio hai, japo wanne tu, mwenye udi, mwenye fidla, mwenye dumbaki na mwimbaji, na maspika yangoje siku nyingine. Pili, tuliosafiri tuchangishane tununue ganuni moja ikae hapa Pemba, na tumwombe mmoja wa vijana wale waliohitimu aje kwa nyakati tutakazoagana awafundishe watoto wetu, kwa malipo ya haki na si kwa ahsante tu. Tatu, ikiwa itafanywa safari nyingine ya tarabu, basi kila watu wazima wawili wachukue mtoto mmoja, na mtoto huyo akae mbele, si nyuma penye mizigo.

Tumalizie na safari ya kurudi. Usiku ule ule, baada ya jibu la mkubwa wa wapigaji, tulichanga pale pale ukumbini. Asubuhi tulipofika bandarini tulimkuta msichana mmoja ameketi juu ya sanduku refu la mbao lililokatwa pembe. Alikuwa amemaliza kazi hotelini usiku, hakupata usingizi wa kutosha. Meli ilipoondoka alifungua sanduku, akailaza ganuni mapajani, akavaa pete zake za kuchezea katika vidole vya shahada, akaanza kuvuta nyuzi moja moja kuzitengeneza. Upepo na unyevu wa bahari vilimsumbua sana. Mara mbili alisimamisha nyimbo katikati akaanza tena. Mzee wetu wa mbele, yule aliyeuliza yuko wapi mpigaji, alisogeza kiti chake mpaka karibu akaugusa ukingo wa ala. Tulipomwuliza aonaje alisema, "Bado. Lakini huyu yupo."

Na yule mtoto aliyeonyeshwa kitufe alikaa chini kwenye mbao za sitaha, uso wake usawa wa nyuzi, tangu Nungwi mpaka tukaiona Mkoani. Msichana alimvalisha pete moja, kubwa kwa kidole chake, akamwachia uzi mmoja aupige. Aliupiga safari nzima, uzi ule ule mmoja, na hapana mtu mzima hata mmoja aliyemwambia anyamaze.

Mwenye rai nyingine atuandikie, nasi tutaichapa. Na mwenye kutaka kuingia katika mchango wa ganuni awaone waliosafiri, maana orodha imekwisha funguliwa, na majina ya mwanzo ni ya wale waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote.