Huzuni Si Dhambi: Jibu kwa Wauzao Fikra Chanya

 

Imezuka miongoni mwetu elimu mpya, na sasa imefika hadi katika kumbi za misikiti baada ya swala ya Isha. Wenyewe huiita fikra chanya. Mgonjwa huambiwa kwamba maradhi yamemjia kwa kuyawaza; aliyefilisika, kwamba umaskini umo kichwani mwake. Mama aliyefiwa na mwanawe huambiwa atabasamu, asije akajivutia msiba mwingine. Dini gani hii?

Asili yake inajulikana. Mwaka 1952 mchungaji wa New York, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu juu ya nguvu za fikra chanya, kikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia akaja na filamu na kitabu cha The Secret, akidai kwamba fikra huvuta mfano wake, na kwamba ulimwengu humpa mtu akiombacho maadamu ana yakini. (Nchi za Kiarabu nazo hazikusalimika: kitabu hicho kimefasiriwa, na biashara yote hii huko imepewa jina la heshima, tanmiya bashariyya.) Tazameni, ndugu zetu, anayeombwa ni ulimwengu! Kiumbe kimepewa kazi ya Muumba, kisha Muislamu analipa kiingilio akafundishwe hayo.

Hata wasioamini wameuona ubaya wake. Barbara Ehrenreich, mwandishi wa Marekani asiyekuwa na dini, aligunduliwa saratani ya matiti mwaka 2000. Alipoeleza hasira yake, wagonjwa wenzake walimkemea. Mwaka 2009 alitoa kitabu cha kuipinga itikadi hiyo, akionesha jinsi inavyombebesha mgonjwa mzigo wa pili: ugonjwa ukizidi, lawama ni yake.

Watatujibu kwamba Mtume (s.a.w.) alipenda fa'l njema na alituamrisha kumdhania Mola wetu kheri. Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Lakini fa'l ni neno jema lenye kuufungua moyo, halibadilishi qadar. Na dhana njema ni kwa Allah, si kwa nafsi zetu wala kwa nyota. Tena Ibnul Qayyim amebainisha katika al-Jawab al-Kafi kwamba dhana njema isiyokuwa na amali ni ghururi.

Tuitazame Sira. Alipofariki mwanawe Ibrahim, Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akastaajabu, naye akamfahamisha kwamba hiyo ni rehema, jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Nabii Yaaqub (a.s.) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na Qur'ani haikumwita mwenye fikra hasi. Na Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na hamu na huzuni. Ajikingaye na jambo amelikiri kuwa lipo!

Sabr katika lugha ya Kiarabu asili yake ni kuzuia: kuuzuia ulimi usinung'unike dhidi ya Mola, na mkono usijipige mashavu. Haikutajwa kuuzuia moyo usiumie. Ridha hukaa pamoja na machozi katika kifua kimoja, na utulivu huo hauhitaji mtu kujidanganya mbele ya kioo kila asubuhi. Anayejua kwamba lililompata halikuwa la kumkosa hulala usingizi hata akiwa na deni, kisha huamka akatafute la kulipia.

Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) hakuwaendea watu wake na semina. Aliamuru wapikiwe chakula, kwani wameshughulishwa na msiba.

Basi tunawaomba wajumbe wa kamati za misikiti wasiwape tena wafanyabiashara hawa mimbari wala ukumbi. Saa hizo za baada ya Isha zitumike kuwazuru wagonjwa wa mtaa, na fedha za kiingilio zinunue unga na mafuta kwa nyumba zenye eda.