Kijana rubani, usizime onyo la mlima kwa kuwa linakukera

KIJANA unayesomea urubani pale Wilson, hebu tuongee. Unaelekea Maasai Mara, jua linawaka, ardhi unaiona vizuri kabisa. Ghafla kifaa kinaanza: mlima mbele, panda juu! Kidole kinakimbilia kitufe cha kukinyamazisha.

Tusidanganyane, kelele hizo zinaudhi. Kifaa hiki hutumia GPS kujua ndege iko wapi, kisha hulinganisha na ramani ya milima na viwanja vya ndege iliyohifadhiwa ndani yake. Kama kiwanja cha changarawe unachotua huko mbugani hakimo kwenye ramani hiyo, kifaa kinaona tu kwamba unashuka kugonga ardhi. Lazima kikukemee.

Lakini hatari yenyewe ni mazoea. Mkono uliozoea kuzima onyo la bure mara kumi hautauliza kama la kumi na moja ni la kweli.

Mei 9, 2012, ndege ya Sukhoi ilikuwa kwenye safari ya maonyesho nchini Indonesia. Kifaa kilionya kuhusu Mlima Salak uliokuwa umefichwa na mawingu. Rubani, tena mwenye uzoefu mkubwa, alidhani ramani ya kifaa ina hitilafu, akakizima. Watu wote 45 waliangamia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Usiseme hayo ni ya Indonesia. Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilianguka kwenye milima ya Aberdare. Watu wote 10 walifariki, na hali mbaya ya hewa ikatatiza hata kazi ya kuitafuta. Vilele vya Aberdare vinafika mita 4,000, na hewa ya huko juu ni nyepesi, hivyo ndege ndogo hupanda polepole. Sekunde unazopoteza ukibishana na kifaa huwezi kuzirudisha.

Basi jiwekee sheria moja rahisi. Ukiwa ndani ya mawingu au usiku, onyo likilia panda kwanza, maswali baadaye. Mchana, ukiiona ardhi na kiwanja kwa macho yako, unaweza kukinyamazisha ili utue, mradi mwongozo wa ndege yako unaruhusu. Ila hakikisha umekiwasha tena kabla ya kuruka.

Nanyi wenye ndege na shule za urubani, msiwaachie vijana mzigo wote. Ramani za vifaa hivi zinahitaji kusasishwa, na hilo hugharimu pesa. Ramani iliyopitwa na wakati huleta maonyo ya bure, na maonyo ya bure ndiyo yanayomfundisha rubani kupuuza la kweli.

Abiria aliyeketi nyuma yako hajui kitufe hicho kiko wapi. Amekuachia wewe.